Kabla Hujamfungia Mlango

Ukitembea pwani kuanzia Mombasa hadi Mtwara, hukosi mtaa wenye nyumba iliyowahi kumfungia kijana ndani ili aache unga, yaani heroini. Mjomba huitwa kwa kuwa ana nguvu, kufuli jipya hununuliwa, godoro kuukuu hutupwa sakafuni, na mama huonywa asiufungue mlango hata asikie nini. Siku ya nane au ya kumi kijana hutoka amekonda, anaogeshwa, anaomba chakula. Nyumba nzima humshukuru Mungu. Baada ya wiki mbili amerudi maskani kuvuta, au ameshazikwa.

Siwasuti watu hao, walifanya walichokijua. Ila kuna jambo ambalo hawakuambiwa, nalo si refu. Arosto, yaani mateso ya mwili unaponyimwa kilevi ulichokizoea, ikiwa ya unga peke yake ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya akipata maji na uangalizi. Arosto ya pombe inaua. Ya vidonge vya usingizi inaua. Na kurudia unga baada ya kukaa bila kuutumia kunaua zaidi ya arosto yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mlango, jueni kwanza mtu wenu anaacha nini, alikuwa anatumia kiasi gani kwa siku, na kwa muda gani.

Muulize bila kufoka, tena ukiwa naye peke yako. Wengi huchanganya, na huwa hawasemi yote mara ya kwanza. Anayekuambia anavuta unga tu, mfukoni ana diazepamu za kumlaza, na jioni hupitia kwa muuza gongo. Vitu hivyo vitatu havidai kwa saa moja wala kwa namna moja. Ukimfungia ukidhani unapambana na unga, huenda usiku wa pili akaanguka kifafa cha pombe wewe ukadhani anaigiza.

Tuanze na unga. Ubongo una kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Heroini ikiingia kila siku, ubongo hupunguza kazi hiyo, na wakati huohuo huongeza nguvu upande wa pili, ule unaouamsha mwili, ili mtu asisinzie moja kwa moja. Fikiria watu wawili wanaosukumana, kila mmoja upande wake wa mlango: mmoja akiondoka ghafla, mwenzake anaanguka kifudifudi. Arosto ndiyo hiyo. Unga ulikuwa umefunga choo, sasa anaharisha. Ulikuwa umekausha pua na macho, sasa makamasi na machozi havikatiki. Ulikuwa umeibana mboni ya jicho ikabaki nukta, sasa imetanuka na mwanga unamuumiza.

Dalili huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, yaani kipakiti cha mwisho cha unga. Kwanza ni miayo, tena si ya usingizi. Mmoja haujaisha mwingine umeanza. Kisha jasho, vinyweleo vinasimama, anajikunyata pembeni hataki kuguswa. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote: tumbo linasokota, anatapika, mifupa inamuuma hadi visiginoni, miguu inajirusha yenyewe juu ya kitanda. Anaomba blanketi, dakika haijapita amelitupa. Usingizi haupo kabisa. Kuanzia siku ya nne au ya tano mwili huanza kutulia, na kwa wengi makali huwa yamekwisha ndani ya siku 7 hadi 10. Aliyekuwa kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya heroini, akaikatisha ghafla ana kalenda yake: dalili huchelewa, huanza siku ya pili au ya tatu, na zinaweza kumkalia wiki tatu au zaidi.

Katika siku hizo adui wa kwanza ni ukavu. Mtu anatapika na kuharisha kwa pamoja, na kwa joto letu jasho nalo linamkausha. Madaktari wameandika vifo vya arosto ya unga vilivyotokea mahabusu, watu walioharisha na kutapika siku kadhaa bila kuongezewa maji. Kwa hiyo weka chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zile za pakiti zinazopatikana kila duka la dawa na zahanati, na umpe kidogokidogo, vijiko badala ya glasi, hata kama anatapika. Madafu yanafaa. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo unafaa. Chai kali na kahawa zisubiri, zinamzidishia kutokulala. Parasetamoli itampunguzia maumivu, lakini ihesabu wewe: isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na kama ni mlevi wa siku nyingi au amekondeana sana muulize mfamasia kwanza, kwa sababu ini lake halina nguvu hizo. Maji ya moto ya kuoga husaidia mifupa kuliko watu wanavyoamini. Akitaka kuoga mara nne kwa siku, achwe aoge. Hospitalini daktari anaweza kumwandikia dawa za kuzuia kutapika, za tumbo na za kutuliza mwili, na mgonjwa aliyezipata huteseka kidogo kuliko wa njia ile ya kufuli.

Mlango usifungwe kwa kufuli, na mnyororo usiguswe. Mbali na kwamba ni kumdhalilisha mtu, mnyororo hukata miguu, kidonda huingia vijidudu, na aliyefungwa akipaliwa na matapishi hawezi hata kujigeuza. Mtu akae naye. Zamu ya usiku ndiyo yenye kazi, basi apewe kaka au shangazi asiye na maneno mengi. Mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi ukiona hakojoi tangu jana, midomo imekauka na anaongea ovyo, anatapika damu, ana homa kali, au anazimia akisimama. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari, kifua kikuu, na mwanamke mjamzito wasianzishiwe arosto nyumbani hata kidogo.

Mjamzito nimtaje peke yake, maana ndiye anayeshinikizwa zaidi. Mama mkwe husema, "Acha leo, kwa ajili ya mtoto." Kumbe kukatisha unga ghafla katika ujauzito kunaweza kusababisha mimba kuharibika au uchungu kuja kabla ya wakati. Tiba inayokubalika ni methadoni, chini ya kliniki, hadi kujifungua na baada yake. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake mwenyewe, analia kwa sauti nyembamba, anatetemeka, hanyonyi vizuri. Wauguzi wakijua mapema huitibu na mtoto hupona. Lisilomfaa mtoto huyo ni mama kuficha.

Sasa pombe. Hapa ndipo ninapoona watu wakifa kwa kukosa habari, kwa sababu pombe inauzwa hadharani na kila mtu anaamini anaijua. Mnywaji wa kawaida, yule wa mwisho wa wiki, akiacha hapatwi na kitu. Ninayemsema ni yule anayeamka na mikono inayotetemeka hadi apate tone la kwanza. Anayemimina gongo, chang'aa au pombe kali ya dukani asubuhi kabla ya chai. Ubongo wa mtu huyo umezoea kulazwa. Ukimwondolea pombe kwa mkupuo, huwaka. Kati ya saa 6 na 12 tangu tone la mwisho hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, hutapika. Kati ya saa 6 na 48 anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Na kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaoingia katika hali mbaya zaidi: hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anazungumza na marehemu, joto linapanda, shinikizo la damu linapanda. Nyumbani hali hii huitwa majini au kurogwa, na mganga huitwa. Sina ugomvi na dua. Somea mgonjwa ukiwa njiani kwenda hospitali. Akiachwa bila tiba katika hali hiyo anaweza kufa.

Mlevi wa namna hiyo akisema anaacha, asiache leo nyumbani. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya rufaa, na umweleze daktari ukweli wa kiasi anachokunywa. Hadi atakapoonwa asikatishe kwa mkupuo. Aendelee na kiasi cha kumzuia asitetemeke. Najua sentensi hiyo inawakera wazazi, lakini ndivyo ilivyo. Hospitalini hupewa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi huikosa kwa sababu hawali, na kuikosa huweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Aliyewahi kuanguka kifafa alipoacha mara ya kwanza, mara ya pili alazwe. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku pombe ya viroba, ile kali ya vifuko, mwezi Machi 2017, wengi tulipiga makofi. Ila kufunga duka hakumtibu mnywaji.

Vidonge vya usingizi, diazepamu na jamaa zake, pamoja na vile ambavyo vijana wa Mombasa huviita bugizi, vina sheria ileile ya pombe: aliyevitumia kila siku kwa miezi hakatishi ghafla, hupunguziwa kwa wiki nyingi akiwa na daktari, la sivyo kifafa kinamngoja. Ndiyo maana nakataa kabisa desturi ya kununua vidonge hivyo dukani ili kuzima arosto ya unga. Vinampa tatizo la pili, na siku akivichanganya na kete, au na pombe, pumzi inasimama. Tramadoli nayo ni ya ukoo wa unga. Kumpa mtu tramadoli ili aache heroini bila daktari ni kumhamisha chumba katika nyumba ileile, na ikizidi kipimo nayo huangusha kifafa.

Sigara, bangi na mirungi nitazipitia haraka, kwa kuwa arosto zake zinachosha lakini haziui. Mvuta sigara huwa mkali na mwenye njaa. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya, mengi huisha ndani ya mwezi, na kila hamu inayokuja hudumu dakika chache tu kisha hupita. Ukiweza kuzipisha hizo dakika kwa maji, karanga au matembezi, umeshinda hiyo. Mvuta bangi wa kila siku hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula, hununa, na ndoto zake huwa nzito. Wiki moja au mbili. Mla mirungi hulala kama hajalala mwaka, huamka mchovu na mwenye huzuni, halafu hutulia.

Turudi kwenye unga, kwenye jambo ambalo ningependa kila familia ilijue kabla ya kufikiria kufuli. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Unguja na mikoa mingine kama Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Malindi na Mombasa. Dawa hii katika kliniki za serikali ni bure. Ni ya maji, hunywewa mara moja kwa siku, na hukaa mwilini zaidi ya saa 24, ndiyo maana mtu anaweza kupitisha siku nzima bila arosto na bila kulewa, akafanya kazi.

Ukifika kliniki mapema utaona foleni: bodaboda, mafundi, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa kofia. Mtu anataja namba yake dirishani, mfamasia anampimia kwenye kikombe kidogo, anakunywa palepale mbele yake, anaongezewa maji anakunywa tena, kisha anaambiwa aseme neno ili ijulikane kweli amemeza. "Asante, dokta," halafu anaondoka. Kesho tena, Jumamosi tena, sikukuu tena. Watu hulalamika kwamba kwenda kila siku ni utumwa. Wakumbuke walikuwa wakienda maskani mara ngapi kwa siku.

Lawama nyingine husema methadoni ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Sikubaliani nayo. Anayetumia dawa ya presha kila siku hatumwiti mraibu wa vidonge. Aliyetulia kwenye methadoni haibi redio ya bibi, hashiriki sindano, anakunywa dawa zake za virusi vya UKIMWI kwa wakati, na uwezekano wake wa kufa hushuka sana. Akikaa miaka mitano, sawa. Akitaka kuiacha, itapunguzwa polepole kwa miezi, kwa mapatano yake na kliniki, wala si kwa haraka ya familia inayotaka kutangaza kwamba "amepona kabisa".

Mambo mawili huwavunja moyo wanaoanza. La kwanza: kipimo cha mwanzo ni kidogo, kwa kuwa methadoni nyingi kwa mwili usiojulikana huua. Hupandishwa polepole, kwa hiyo wiki ya kwanza na hata ya pili arosto hurudi alfajiri. Wengi hukimbia hapo, au huongeza kete juu ya methadoni, na mchanganyiko huo ndio unaozimisha pumzi. Vumilia, mwambie muuguzi saa ngapi arosto inaanza; taarifa hiyo ndiyo atakayoitumia kupandisha kipimo. La pili: dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huifanya methadoni iishe upesi mwilini, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hufanya hivyohivyo. Mtu alikuwa ametulia, anaanzishiwa dawa za TB, siku chache baadaye arosto hii hapa. Anaona methadoni imemsaliti, anarudi kijiweni, na dawa za TB anazitupa. Dawa ya hilo ni kuongezewa kipimo tu. Basi kliniki ya TB ijue kwamba yuko kwenye methadoni, na kliniki ya methadoni ijue kwamba ameanza TB.

Ambako kliniki hakuna, au mtu mwenyewe hataki methadoni, kuna nyumba za upataji nafuu, hizi ambazo kila mtu huziita soba. Unguja zina sifa ya miaka mingi, na nyingi huendeshwa na watu waliotoka hukohuko kwenye unga. Zipo nzuri, na zipo za kufungia na kuchapa. Kabla ya kulipa, uliza: arosto mnaitibu vipi, nani mtaalamu wa afya wenu, naruhusiwa kumwona lini, je kwenu watu hupigwa? Jibu la swali la mwisho likichelewa, ondoka. Kenya unaweza kupiga 1192 bure, namba ya NACADA, mamlaka ya nchi hiyo ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakakuelekeza.

Baada ya makali kwisha, familia hudhani safari imekwisha. Mwili bado. Usingizi unaweza kusumbua kwa miezi. Maumivu yote yaliyokuwa yamezimwa na unga huamka, na la kwanza huwa meno. Sijui kwa nini watu hawalisemi hili: mtu amekaa miaka na meno yaliyooza bila kusikia chochote, anaacha unga, wiki ya tatu jino linamwamsha saa nane usiku, naye anaijua dawa moja tu ya maumivu. Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, kabla jino halijampeleka kijiweni. Kwa wanawake hedhi iliyopotea hurudi, na mimba inaweza kuingia hata kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, basi azungumze mapema na muuguzi wa uzazi wa mpango. Abadilishe laini ya simu. Mshahara au kibarua cha kwanza apokee mtu anayemwamini, kwa ridhaa yake, si kwa kunyang'anywa.

Na Ramadhani. Pwani wengi huweka nia ya kuacha mwezi ukiandama, na nia hiyo ni njema. Lakini anayetapika na kuharisha ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye. Asikaushwe kwa ajili ya macho ya majirani. Hatari nyingine inakuja na Idi: mkono wa Idi mfukoni, marafiki barazani, na mwili uliokaa mwezi mzima bila unga. Wiki chache zinatosha mwili kusahau. Kete aliyokuwa akiizoea Shaabani, Idi inaweza kumuua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka gerezani, hospitali, soba, au kwenye kile chumba cha kufuli. Mwambie waziwazi, hata kama unaona unamfundisha kurudia: ukianguka, usitumie peke yako, usitumie kiasi cha zamani, usichanganye na pombe wala vidonge.

Ukimkuta hajibu, midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa sauti ya maji au hapumui, mtikise na umwite jina. Asipoamka, tafuta usafiri wa hospitali mara moja. Kama hapumui, bana pua yake, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano, na usiache hadi mfike. Kama anapumua, mlaze ubavu. Usimmiminie maziwa, usimdunge maji ya chumvi, usimtie kwenye pipa la maji baridi. Hospitalini sema neno "unga" bila aibu, kwa sababu ipo sindano ya naloksoni inayoiondoa heroini kwenye ubongo kwa dakika chache, na daktari ambaye hajaambiwa atapoteza muda kutafuta malaria.

Wengi hurudia zaidi ya mara moja kabla ya kuacha. Akirudia, usimfukuze, wala usilirudishe lile kufuli. Kliniki hupokea waliorudia kama inavyopokea wageni: mpeleke asubuhi ileile.